Pombe ya Miwa na Heshima ya Wazee

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Olenguruone)



Nimeagizwa na Halmashauri kusema machache juu ya muratina. Mimi ni mdogo wenu kwa umri, nikikosea, mtanisahihisha.

Wakikuyu walioletwa hapa Olenguruone mwaka 1941, kabla ya kufukuzwa na Serikali ya kikoloni miaka michache baadaye, walikuja na mila hii. Miwa humenywa, hutwangwa, na maji yake hukamuliwa. Tunda la mwegea lililokaushwa hutiwa ndani, pengine pamoja na asali, na kibuyu huwekwa karibu na moto mpaka pombe ichachuke. Jirani zao Waogiek walitengeneza yao kwa asali ya msitu wa Mau.

Posa haikuzungumzwa pakavu. Mzee alimimina kidogo chini kwa ajili ya wahenga, ndipo akaonja. Vijana walibeba miwa, lakini pembe ya kunywea hawakupewa. Basi kilichozuia ulevi hakikuwa askari, bali heshima.

Chang'aa ni jambo jingine. Hiyo hupikwa kwa moto na mvuke wake kukingwa, hata ikawa kali mno. Ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, kisha sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti. Lakini wenye tamaa huchanganya pombe na methanoli, ambayo ni sumu ya viwandani. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka.

Mwaka huu nimeandika katika daftari la rambirambi jina la mwenzangu tuliyesoma darasa moja. Alionja chang'aa mara ya kwanza katika karamu ya posa, chupa zikipitishwa hata kwa watoto wa shule. Wazee walikuwapo, nami nilikuwapo. Hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili: katika posa zetu, pembe irudi mikononi mwa wazee, na chupa isiyojulikana ilikotoka isivuke lango la mwanachama yeyote.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Sisi tulishika kinywaji, tukaiacha mila.