Kuchagua Pikapu Kuukuu ya Dizeli: Bei, Chesisi na Injini

Pikapu iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000 ndiyo chombo cha kazi cha wakulima, mafundi ujenzi na wafanyabiashara wadogo wengi wa Afrika Mashariki. Anayeitafuta kwa kawaida huanza na jina: Toyota Hilux kwanza, kisha Isuzu, Nissan na Mitsubishi. Mpangilio huo una sababu zake, ila sifa ya Hilux imeshaingia katika bei. Fedha inayotosha kununua Nissan Hardbody iliyotunzwa mara nyingi hupata Hilux iliyochoka. Kwa mwenye fedha kidogo, swali la msingi ni uhai uliobaki katika gari lililo mbele yake, kwa bei ile anayotajiwa.

Ukaguzi uanzie chini, kwenye chesisi. Injini hufunguliwa na kufanyiwa ovaholi, giaboksi hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza haina tiba ya bei nafuu. Sehemu za kugongwa kwa nyundo ndogo ni nyuma ya kabini, juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikizo vya springi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu au hubonyea. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kuchunguza zaidi, na alama za kuchomelea humaanisha ajali au mizigo iliyopita kiasi. Asili ya gari nayo ina uzito wake. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, hivyo si kila Hilux ya mtumba imetoka huko. Nyingine zimetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chesisi kimyakimya.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa hurudishwa nyuma kwa urahisi. Pikapu ya miaka 15 inayoonyesha kilomita 90,000 inadai kwamba ilitembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka, dai gumu kwa gari la mizigo. Pedali zilizolika, usukani uliolainika na kiti cha dereva kilichobonyea husema kweli zaidi.

Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mteja kufika ameondoa nusu ya ushahidi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi huashiria dizeli kuzidi hewa, pengine kwa nozeli mbovu au filta iliyoziba. Mweupe usiokoma huweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda au dizeli isiyoungua. Kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikinguruma, mvuke mwingi unaosukuma kwa nguvu ni dalili ya ringi zilizochoka. Mapovu yanayoendelea kwenye rejeta huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi.

Hapa ndipo tofauti za aina hujitokeza. Injini za Hilux za zamani, 2L, 3L na 5L, hazina nguvu za kujivunia, lakini zile zenye pampu ya dizeli isiyoongozwa na kompyuta hutengenezeka hata katika miji midogo. Belti yake ya taiming ibadilishwe mara tu baada ya kununua, hata muuzaji aseme nini. Hilux zilizofuata, zenye injini ya D-4D inayoongozwa na kompyuta, huenda vizuri zaidi na hutumia mafuta kwa ufanisi, ila nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na hazivumilii uchafu. Katika ukanda ambako uchakachuaji wa mafuta ulikithiri hadi EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuyawekea vinasaba, yaani alama za kubaini yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, udhaifu huo si mdogo. Nozeli nne zikiharibika pamoja, akiba yote iliyopatikana kwenye bei hupotea.

Nissan yenye injini ya TD27 haithaminiwi inavyostahili: taiming yake huendeshwa na gia, hivyo hakuna belti ya kukatika. Nissan Navara ya YD25 hutumia cheni, na mlio wa kukwaruza asubuhi ni onyo la kuiacha. Mitsubishi L200 ya 4D56 hupatikana kwa bei ya chini, lakini ina belti mbili. Ile ndogo ya shafti za kupunguza mtikisiko ikikatika huweza kuiharibu kubwa, na silinda hedi yake haistahimili joto lililopita kiasi. Isuzu D-Max ni chaguo zuri hasa Kenya, ambako huunganishwa Nairobi na spea zake ni rahisi kupatikana.

Chesisi na injini zikikubalika, namba zake zilinganishwe na zile za kadi ya gari, na umiliki uthibitishwe kwenye mamlaka ya usajili kabla ya kulipa hata malipo ya awali.

Bajeti isiishie kwenye bei ya kununulia. Angalau sehemu moja ya tano ya fedha yote ibaki kwa belti, matairi, breki, bushi na shokapu, kwa kuwa pikapu ya umri huo karibu kila mara hudai baadhi ya hivyo mwanzoni. Kwa kazi za vijijini, mbali na karakana zenye kompyuta, Hilux ya 5L au Nissan ya TD27 yenye chesisi nzima inafaa kuliko D-4D ya bei ileile isiyo na historia ya matengenezo.