Kambare Hana Mama: Tulee Vifaranga Wake kwa Zamu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuzungumze juu ya kazi ambayo vikundi vingi vinaiulizia: kuangua mayai ya kambare, yule ambaye kule ziwani huitwa mumi, na kulea vifaranga wake mpaka wafike kuuzwa.

Sababu ya kuiulizia tunaijua. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo la uchaguzi, majimbo 140 kwa kuanzia. Watu wakatafuta vifaranga wa kutia humo, wengine wakakosa. Mabwawa mengine yakaota nyasi. Na huko Ziwa Victoria wavuvi hununua kambare wadogo wawe chambo cha kumnasa mbuta. Kwa hivyo wanunuzi wapo.

Lakini kabla hamjachanga pesa, tuelewane jambo moja. Ngege ana mama. Akishataga huyachukua mayai kinywani, akayabeba humo mpaka yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hukimbilia kinywani tena. Kambare si hivyo. Yeye hutaga usiku kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya mvua, kisha huenda zake. Anataga maelfu kwa maelfu, na wakipona wachache ukoo wake haukatiki. Kikundi hakiwezi kulipa karo kwa hao wachache. Basi mkiyaleta mayai ya kambare nyumbani, mama ni ninyi. Sasa swali ni hili: saa nane ya usiku, mama ni nani?

Kumchoma jike sindano, kumkamua na kuchanganya mayai na mbegu ya dume ni kazi ya aliyefundishwa. Hapo tumwite afisa wa uvuvi. Sisi tuanzie mayai yakishachanganywa. Gramu moja ina mayai kama 700, kwa hivyo gramu 50 tu ni mayai kama 35,000. Mnaona mali iliyoko ndani ya kikombe kimoja!

Kwanza ni maji. Chombo kiwe tangi la simenti, la kioo au karai pana. Lioshwe vizuri, lisiwe na sabuni. Maji ya mfereji yenye dawa yakae wazi siku moja au mbili. Maji ya kisima yamwagwe kutoka juu ili yashike hewa. Maji yasiwe ya kina kirefu. Shubiri moja yatosha. Mahali pawe pa joto. Maji yakiwa na joto la nyuzi 27, mayai huanguliwa kwa muda wa kama siku moja. Yakiwa nyuzi 20 huchukua siku mbili na zaidi, na ukungu hupata nafasi. Ndugu zetu wa sehemu za baridi, hili msilipuuze.

Pili, mayai yatandazwe. Chukueni kipande cha chandarua ambacho hakijatiwa dawa, mkivute juu ya fremu ya mbao, mkiweke ndani ya maji. Tandazeni mayai yasipandane, kwa maana yanagandana, na la chini hukosa hewa. Yai zima huonekana kama kioo chenye rangi ya kijani na kahawia. Lililokufa hugeuka jeupe, na ukungu huanzia hapo, ukatambaa mpaka kwa majirani wazima. Yatoeni meupe polepole kwa mpira mwembamba wa kuvutia maji. Vifaranga wakitoka hupenya kwenye matundu na kushuka chini, maganda na mayai mabovu yakabaki juu. Hapo inueni chandarua chote, mkitoe nje.

Tatu, hapa ndipo huruma huua. Kifaranga akitoka ana kifuko cha chakula tumboni. Kwa siku tatu hivi anaishi kwa hicho, hahitaji kitu. Msimpe unga, msimpe uji, msimpe chochote, kwa maana kitaoza na kuharibu maji. Funikeni chombo kwa gunia au bati, mkiacha nafasi ya hewa. Kambare hapendi mwanga. Wazima watajikusanya penye giza. Wanaobaki wametawanyika penye mwanga mara nyingi ni wadhaifu. Waondoeni.

Nne ni chakula. Kifuko kikiisha, wakaanza kuogelea huku na huku, sasa wana njaa kweli. Chakula bora ni vijidudu vidogo vya maji. Mnaweza kuvikuza katika pipa la maji lenye samadi kidogo ya kuku, pembeni, mkavichuja kwa kitambaa chepesi na kuvisuza. Mkikosa, kiini cha yai lililochemshwa likakauka, kikamuliwe kupitia kitambaa. Wapeni kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya nusu saa, vuteni makombo yaliyolala chini. Kila siku badilisheni kama theluthi moja ya maji, yanayoingia yawe na joto sawa na yanayotoka.

Tano, kumbukeni kuwa kambare mkubwa huvuta hewa ya juu, ndiyo maana hustahimili matope. Mtoto bado hawezi. Kiungo chake cha kuvutia hewa huchukua kama wiki mbili kuanza kazi. Siku za kwanza hutegemea hewa iliyo ndani ya maji tu. Mkiwaona wamekusanyika juu wakipanua vinywa, msingoje asubuhi. Badilisheni maji saa hiyo hiyo.

Sita, wachambueni. Kambare hula ndugu yake. Aliyetangulia kukua humeza mdogo, kesho amezidi kuwa mkubwa. Kutoka wiki ya pili hivi, watengeni wakubwa na wadogo kwa beseni lililotobolewa matundu ya kipimo kimoja. Na mkiwahamishia bwawani, zungusheni neti au mabati, kwa maana chura, ndege na vijidudu vya maji wanawangoja.

Sasa turudi kwa lile swali la usiku. Katika vikundi tunavyotembelea, chombo huwekwa kwa mwanachama mmoja, mara nyingi mama mwenye nyumba karibu na maji. Wote husema "ni samaki wetu", lakini anayeamka ni yeye. Akiugua, au akienda matangani siku mbili, vifaranga hufa wote, na lawama humwangukia. Wakipona, pesa hugawanywa sawa kana kwamba hakuna aliyekesha. Huo si usawa. Ndio unaovunja vikundi, wala si samaki.

Kwa hivyo tunawaomba mfanye mambo matatu kabla ya yai la kwanza. Andikeni zamu za siku 14 za mwanzo, watu wawili kwa kila usiku, na jina la atakayeshika nafasi mmoja wao akipata dharura. Wekeni daftari na kalamu kando ya chombo: saa, hali ya maji, chakula, waliokufa, na jina la aliyeangalia. Halafu kubalianeni, kwa kura na kwa maandishi, kila usiku wa zamu utahesabiwa nini siku ya mauzo. Hata wanaume wawekwe kwenye zamu. Kukesha na kambare hakumpunguzii mtu heshima.

Na anzeni na kidogo. Karai moja lililoangaliwa vizuri lina faida kuliko matangi manne yasiyo na mtu. Kikundi kitakachokuwa na orodha ya zamu iliyotiwa sahihi, hicho tutakisindikiza kwa afisa wa uvuvi. Kisicho nayo kikae kwanza kikubaliane, maana mayai yakishamwagwa ndani ya maji hayatangoja mkutano.

Tuanze na maswali.