Umeme wa Garissa na Sauti ya Wananchi



Disemba 2019 mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 ulizinduliwa hapa Garissa. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, ilhali manyatta yetu mengi yangali gizani. Baadhi yetu tunadai kura ya maoni. Tusidanganyane: Katiba ya 2010 imeiweka kura hiyo kwa marekebisho ya Katiba, na pendekezo la wananchi huhitaji saini za wapiga kura milioni moja. Lakini Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au libadili sheria. Tuanzie hapo, Wakristo kwa Waislamu. Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Tukinyamaza, tutakuwa tumewathibitisha.