Jogoo wa mzunguko: tuangalie mavi yake mbele ya kumpitisha kwa jirani

(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Kamina)



Leo tunazungumza juu ya mavi ya kuku. Wengine wanacheka, si mbaya. Lakini jogoo wetu anatoka nyumba moja na kuingia nyumba ingine. Akitoka na ugonjwa, anaupeleka kwa mwenye alirudi juzi tu kutoka ukimbizini, mwenye hana mali ingine zaidi ya kuku wake watatu. Ndiyo maana tunasema: mbele ya kumpitisha, tumwangalie. Jogoo hawezi kusema anaumwa wapi, lakini mavi yake yanasema kitu.

Tuanze na mavi mazuri. Yako magumu kidogo, rangi ya udongo ao majani makavu, na juu yake kuko kitu cheupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake, juu kuku hakojoi pembeni kama mbuzi. Tena, mara kwa mara kwa siku, anatoa mavi laini, meusi-meusi, yenye kunata na kunuka sana. Wengi wanaogopa hapo. Hapana kuogopa, yanatoka kwenye utumbo mwingine na ni ya kawaida. Akikula lengalenga mingi, mavi yanakuwa kijani. Jua likiwaka anakunywa maji mingi, mavi yanakuwa maji-maji. Kama kesho yake yamerudia kawaida na jogoo anawika, anakula, anafuata majike, basi ni mzima.

Sasa yale ya kutushitua. Kijani kikali, maji-maji, na jogoo amekataa kula: tuangalie shingo, mabawa na pumzi. Shingo ikijipinda, mabawa yakianguka, akipumua mdomo wazi, tufikiri Newcastle. Lakini kijani peke yake haitoshi kuhukumu, juu kuku yeyote mwenye hajakula siku nzima anatoa kijani cha nyongo. Damu kwenye mavi, zaidi kwa vifaranga wa majuma machache, mara nyingi ni koksidiozi, ugonjwa unaopenda mahali penye unyevu na mavi mengi. Mavi meupe yenye kuganda nyuma ya kifaranga ni ya kuogopa pia. Na minyoo kama nyuzi nyeupe, hiyo kila mtu anaijua.

Namna ya kuangalia ni rahisi. Jioni tutandike gunia ya plastiki chini ya mahali jogoo analala. Asubuhi tuangalie mbele ya kufagia. Kama kuna mashaka, tumfungie peke yake chini ya kitunga kubwa, na maji na chakula chake, siku moja. Hapo tutajua mavi ni ya nani.

Newcastle ilielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1926 kule Java, kisha kwenye muji wa Newcastle, Uingereza. Ni virusi. Kwa hiyo vile vidonge vya antibiotiki vya sokoni haviiponyeshe, ni kutupa franka. Dawa ya kweli ni chanjo, na inapewa kuku akiwa angali mzima. Kuko chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, inayovumilia joto kuliko zingine. Inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Chupa moja inatosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haingoji juma ingine. Mtu mmoja mwenye kuku watano hawezi kuinunua peke yake, lakini avenue nzima inaweza, siku moja, asubuhi. Wafadhili wetu wanapenda kusikia hesabu ya vifaranga. Tunawaomba wapende pia hesabu ya chanjo, hasa mbele ya kiangazi.

Tena Kamina ni njia panda ya reli: Lubumbashi huku, Kananga na Ilebo kule, Kabalo na Kalemie upande mwingine. Kuku wanashuka na vitunga vyao kila mara treni inapofika. Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini mpaka siku 15 mbele ya kuonekana. Kwa hiyo kuku mupya akae pembeni zaidi ya majuma mawili, hata kama ametoka kwa shemeji.

Neno la mwisho ndilo gumu. Jogoo akigonjwa, moyo unasema: tumuuze mbio mbele hajakufa. Tunaelewa, karo ya watoto inangoja. Lakini yule anayemnunua sokoni ni jirani yetu, na ugonjwa utarudi kwetu kwa njia ya nyuma. Tumtenge, tunawe mikono na sabuni, tupanguse viatu, tuite veterineri. Akikufa, tumzike shimo ndefu ao tumchome. Matumbo yake mbwa asiyaguse. Na mwenye kusema wazi «jogoo yuko mgonjwa kwangu» asipoteze zamu yake kwenye mzunguko. Tukimwazibu mwenye kusema kweli, kesho wote watanyamaza, na kuku watakwisha.

Kesho asubuhi, mbele ya ufagio, macho chini kwanza.