Rangi za Walio Hai

(Maneno yaliyosemwa baada ya chakula cha jioni kwenye mkutano wa mwaka wa wahitimu wa shule yetu)

Wadogo zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango wa jiko, naona hamjabadilika.

Ndugu Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alitaka niseme juu ya utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba watu waliokwisha kula pilau hawastahili adhabu hiyo. Basi tukakubaliana nizungumze juu ya kupiga picha, kwani wengi wenu mnanikumbuka kwa jambo hilo tu. Mimi ndiye yule kijana wa chama cha wapiga picha aliyeshika ufunguo wa chumba cha giza, na ambaye mlimshuku, kwa haki kabisa, kwamba humo ndani alikuwa akilala wakati wenzake wanafyeka majani.

Enzi zile tulikuwa na kamera moja ya shule na filimu ya picha 36, ambayo ilipaswa kutosha muhula mzima. Mwalimu wetu wa chama alikuwa na sheria moja: kabla ya kubonyeza, jiulize umesimama wapi. Sisi tulidhani anasema juu ya jua, kwamba liwe mgongoni. Mimi nilielewa maneno yake baada ya miaka zaidi ya 20, tena mbali sana na hapa. Habari hiyo ndiyo niliyokuja kuwasimulia.

Mwaka 2019 ofisi yangu ilinipeleka Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, kwa mafunzo ya wiki sita juu ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali. Siku za kazi tulikuwa darasani. Jumamosi na Jumapili nilikuwa huru, nami nilikuwa na kamera yangu mwenyewe, ya kisasa, isiyotaka filimu. Mtu aliyelelewa kwa picha 36 akipewa kamera inayobeba picha elfu mbili, ni sawasawa na mwanafunzi wa bweni aliyefungiwa stoo ya sukari.

Kitu cha kwanza kilichonivuta ni rangi. Majumba ya wafalme wa zamani na mahekalu ya Kibudha yamepakwa rangi chini ya paa, kila boriti na kila kichwa cha nguzo, kwa michoro ya maua, mawingu na mazimwi. Sanaa hiyo wanaiita dancheong. Si urembo tu, kwa sababu rangi hizo hukinga mbao zisiharibiwe na unyevu na wadudu. Rangi za msingi ni tano, na kila moja ina upande wake wa dunia: buluu ni mashariki, nyeupe ni magharibi, nyekundu ni kusini, nyeusi ni kaskazini, na manjano ni katikati. Lugha yao ina neno moja, pureuda, linalotumika kwa mbingu na kwa majani pia. Nikakumbuka kwamba hata sisi tuna nyeusi, nyeupe na nyekundu, kisha zilizobaki tunaazima kutoka shambani na jikoni: kijani kutoka kwenye jani, manjano kutoka kwenye bizari.

Katika jumba lao la makumbusho ya maisha ya watu niliona jeneza la kubebwa mabegani, sangyeo, lililotumika zamani kupeleka maiti makaburini. Ndugu zangu, lilikuwa limepambwa kama bibi harusi! Juu yake ziliwekwa sanamu ndogo za mbao zilizopakwa rangi kali, ziitwazo kkokdu. Baadhi ni walinzi waliopanda farasi au chui milia, wengine ni watumishi, wengine wapiga muziki, na wengine wanasarakasi waliosimama kwa mikono. Kazi yao ni kumsindikiza marehemu: mmoja amwonyeshe njia, mmoja amlinde, mmoja amhudumie, na mmoja amchekeshe. Waombolezaji wao wa zamani walivaa nguo za katani zisizotiwa rangi yoyote. Maana yake nilivyoielewa mimi ni kwamba aliyeondoka ndiye mwenye kustahili rangi, na aliyebaki anyamaze. Nilisimama pale muda mrefu nikimtazama yule mwanasarakasi, nikawaza kwamba watu waliofikiri marehemu naye anahitaji kuchekeshwa njiani ni watu waliopendana.

Sasa nije kwenye sherehe zenyewe. Jumamosi ya kwanza ya Mei niliona maandamano ya taa, Yeondeunghoe, yanayofanywa kabla ya sikukuu ya kuzaliwa Budha. Desturi hii ina zaidi ya miaka elfu moja, na mwaka 2020 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Watu kwa maelfu hutembea usiku katika barabara ya Jongno wakiwa wameshika taa walizotengeneza. Taa hizo ni mifupa ya waya iliyofunikwa hanji, yaani karatasi ngumu inayotokana na magome ya mti wa jamii ya mforosadi, kisha zikapakwa rangi. Ziko za umbo la ua la yungiyungi, na ziko za ndovu, mazimwi na ngoma, nyingine kubwa kama lori.

Kwa vijana wa chama cha picha walioko hapa, nitawapa siri mbili za kazi hiyo. Kwanza, usitumie flashi. Taa ya karatasi inang'aa kutoka ndani. Ukiimulika kwa nje unaiua, inabaki karatasi tu. Pili, usingoje giza kamili. Piga ile robo saa ambapo jua limekwisha zama lakini mbingu bado ina ubuluu, maana hapo taa na mbingu huwa zinakaribiana kwa nguvu, na nyuso za watu bado zinaonekana. Usiku ule nilipiga picha mia sita na zaidi. Nililala nikijiona bingwa.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda Jongmyo.

Jongmyo ni mahali wanapotunzwa wafalme wa ukoo wa Joseon waliokwisha kufa. Pasipo na miili yao, pana vibao vya roho zao. Palianza kujengwa mwaka 1394, mara baada ya ukoo huo kushika utawala. Majeshi ya Japani yalipovamia mwaka 1592 pakateketea kwa moto, na mwaka 1608 pakajengwa upya. Jengo kuu lina urefu wa zaidi ya mita 100, lina vyumba 19, na ndani yake vibao 49 vya wafalme na malkia. Kila Jumapili ya kwanza ya Mei wazao wa ukoo ule, pamoja na wanamuziki na wachezaji, huja kuwapa wazee wao chakula na pombe. Ufalme wenyewe ulikwisha mwaka 1910, Wajapani walipoitwaa nchi. Lakini wazao hawakusema kwamba kwa kuwa hakuna kiti basi hakuna babu.

Nilitazamia rangi kupita zote nilizokwisha kuona. Sikuzikuta. Jengo ni refu na kimya, nguzo nyekundu, kijani kidogo, bila ua wala zimwi. Nikadhani nimepotea. Kisha watu wakaingia. Wachezaji 64 wamevaa kanzu nyekundu, mistari minane ya watu wanane, wameshika filimbi na vijiti vyenye manyoya ya ndege kwa ajili ya kuusifu ustaarabu wa wafalme, na baadaye panga na mikuki ya mbao kwa ajili ya kuwasifu kwa vita. Anayeshika nafasi ya mfalme amevaa joho jeusi na taji lenye nyuzi za shanga zinazoning'inia mbele ya macho. Kengele 16 za shaba zimetundikwa katika fremu moja, na mawe 16 yaliyochongwa katika nyingine. Muziki huanzishwa upande wa mashariki kwa kugonga nyundo ndani ya sanduku la mbao, na humalizwa upande wa magharibi kwa sanamu ya chui milia mweupe, ambaye hupigwa kichwani mara tatu kwa fimbo ya mianzi, kisha hukwaruzwa mgongoni penye meno 27. Nilifurahi kama mtoto nilipotambua kwamba hata chui yule amewekwa upande wa rangi yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Kutoka langoni kwenda kwenye jengo pana njia ya mawe iliyoinuka kidogo. Mimi niliiona ni mahali pazuri: pamenyooka, pako katikati, mistari yote ya wachezaji inakutana hapo. Nikapanda, nikapiga goti, nikaanza kubonyeza. Mara nikahisi nimeshikwa kiwiko kwa mikono miwili. Alikuwa mzee aliyevaa mavazi ya sherehe, umri wake kama wa baba yangu. Hakunivuta wala hakupaza sauti. Alinishusha polepole kama mtu anayemshusha mtoto mezani, kisha, jambo lililoniumiza zaidi, akaniinamia. Mwenyeji niliyesoma naye alinitafsiria aliyoyasema: "Hiyo si njia yetu. Ni ya wenyewe."

Ilikuwa njia ya roho za wafalme. Kibao cha kuwaonya wageni kilikuwepo, kwa Kikorea na kwa Kiingereza. Nami, mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kusoma maandishi, nilikipita.

Nilikaa chini na watu, nikaizima kamera. Nikawa natazama tu. Yule mzee na wenzake waliinama na kuinuka, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila haraka yoyote, kwa ajili ya watu waliokufa miaka mia sita iliyopita wanaowajua kwa majina. Nikamkumbuka baba yangu kule Upare, akisimama pembeni mwa msitu wa ukoo wetu, akimwaga pombe kidogo chini na kuwataja babu zetu mmoja mmoja. Nilipokuwa kidato cha pili niliona haya kusimama naye. Nilikuwa msomi bwana, ninayesafisha filimu! Ndugu zangu, nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kupiga picha za mababu wa watu, na wa kwangu sikuwahi hata kuwasikiliza mpaka mwisho.

Nikaapa kwamba Desemba nitakwenda nyumbani, nitakaa na Mzee, niandike majina yote, na kama ataniruhusu, nipige picha. Desemba ilipofika palikuwa na taarifa ya mwaka ofisini. Mwaka 2020 palikuwa na ugonjwa wa korona, nikasema nisije nikamletea Mzee maradhi. Sababu zote zilikuwa nzuri. Machi 2021 baba akafariki.

Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, mimi, mpiga picha wa familia, nilikuwa na picha 1,400 za Korea. Ya Mzee ilikuwepo moja, ya kitambulisho, tukaikuza mpaka uso ukawa ukungu. Na majina? Baba alikuwa akitaja babu saba. Mimi ninakumbuka wanne.

Sikuja kuwaliza. Shangazi yangu yupo, ana miaka 84, na tangu msiba ule ninakwenda kwake kila likizo. Amenipa jina la tano, na mwaka jana, tukimenya ndizi, likamtoka la sita. La saba bado tunalitafuta. Mara ya kwanza nilikwenda bila kamera. Ya pili alinikemea: kwa nini sijaileta?

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Ukutani mwa bwalo hili zipo picha za wakuu wa shule. Lakini yule mpishi aliyetupikia maharage miaka yote ile hayupo ukutani. Mlinzi wetu wa lango hayupo. Walimu wetu hawa wanne waliokaa mbele, waliokuja jioni hii kwa miguu yao wenyewe, wawili hawana picha yoyote hapa shuleni. Nimeangalia leo asubuhi. Napendekeza chama chetu kinunue kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu. Kila mwaka vijana wa chama cha picha wakae na mzee mmoja, wamsikilize kwanza, waandike jina lake na majina anayoyakumbuka, kisha ndipo wabonyeze. Karatasi na uchapishaji wa picha kwa miaka mitano nitalipa mimi.

Jongmyo ilinifundisha kwamba nyumba ya waliotangulia haihitaji rangi ukutani. Rangi huletwa na walio hai, wanapokuja. Mwaka jana tulikuja wachache.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, kamera ninayo. Naomba walimu wetu wanne wabaki walipo. Nitawafuata mimi, na safari hii nitauliza kwanza nisimame wapi.