SIMU NA KOMPYUTA KUWA KITU KIMOJA

(Maneno ya kamati ndogo ya watu watatu, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Eastlands, Nairobi.)



Mlitutuma watu watatu tuangalie neno moja tu: je, tawi litoe fedha kununua laptopu ya pili, ama la? Tumerudi, na jibu letu ni kwamba laptopu ya pili isinunuliwe. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga meza, maana twajua wako waliokwisha kukata shauri.

Sababu ya neno hili mnaikumbuka. Mwenzetu mmoja wa yadi aliandikiwa na mwajiri wake barua ya kutakiwa ajieleze. Barua yenyewe ilikuja kwa simu, Ijumaa jioni, naye amekwisha kutoka kazini. Akaambiwa ajibu kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, tena ajaze fomu yenye miraba mingi, na karatasi za zamu aziambatanishe. Ndugu huyu ana simu nzuri. Alikesha nayo. Kila alipogusa mraba mmoja, mwingine ulikimbia nje ya kioo, na kidole chake cha fundi kilipotaka herufi moja kilibonyeza tatu. Jumamosi akaenda saiba, Jogoo Road, akakuta stima imepotea na watu wamekaa nje kwenye benchi. Akakumbuka laptopu ya tawi. Laptopu imo kabatini, ufunguo uko kwa katibu, na katibu amesafiri Bondo kuzika shemeji yake. Basi jibu likafika Jumatatu adhuhuri, na mwenzetu akasimamishwa wiki mbili bila mshahara. Tuliposhika Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kisemacho kwamba mfanya kazi hawezi kufukuzwa kwa kosa kabla hajaelezwa sababu na kusikilizwa, mwenzake au mtu wa chama akiwapo, kazi yake ikapona. Lakini zile wiki mbili hazikurudi, na watoto wake walikula vile vile.

Katika mkutano uliofuata ndipo ikasemwa, tununue laptopu nyingine. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Tulipoanza kuuliza, fundi mmoja kijana wa Luthuli Avenue alituuliza swali lililotunyamazisha: "Hiyo laptopu yenu ya kabatini na simu ya huyo mzee, ipi yenye nguvu?" Tukampelekea zote mbili. Simu ilikuwa na kumbukumbu kubwa kuliko laptopu, na ilifungua ile fomu mara moja. Laptopu ilichukua dakika saba kuamka. Maana yake ni kwamba mwenzetu alishindwa akiwa ameshika mkononi mashine yenye nguvu ya kutosha kabisa. Alichokosa ni kioo kipana cha kuonea na vitufe vya kuchapia.

Wale waliokwisha kuwapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi wameliona lile gari la moshi Na. 5918, Mount Gelai. Ni moja katika yale 34 ya aina ya 59, yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli yetu ya mita moja. Yana uzito wa tani 252. Ukilitazama vizuri, lina injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake, lakini bwela ni moja tu, katikati. Moto mmoja, fayamani mmoja, mvuke mmoja unakwenda pande zote mbili. Na simu ya namna tunayoisema hapa ni hivyo hivyo. Ubongo wake ni mmoja. Ukiwa njiani unautumia kwa kioo kidogo cha mfukoni. Ukifika mezani unachomeka waya, na ubongo ule ule unasukuma skrini kubwa, vitufe na mausi, na simu inaonyesha madirisha kama ya kompyuta.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1996 Nokia walitoa simu yao ya 9000 Communicator, ambayo ukiifungua kama kitabu, ndani mna vitufe vizima vya kuchapia. Ilikuwa na uzito karibu wa gramu 400. Mtu angeweza kuwinga nyani nayo. Mwaka 2011 Motorola wakatoa simu ya Atrix, pamoja na ganda la laptopu lisilo na ubongo, unaichomeka simu nyuma yake nalo linapata uhai. Ganda peke yake liliuzwa karibu dola 500 huko Marekani, bei ya laptopu nzima, na watu wakaliacha dukani. Mwaka 2013 kampuni ya Canonical, wenye Ubuntu, waliomba umma uchange dola milioni 32 ili waunde simu ya Ubuntu Edge ambayo ingekuwa pia kompyuta. Zilipatikana karibu milioni 12.8, wakawarudishia watu fedha zao. Mwaka 2015 Microsoft wakajaribu na Lumia 950, na miaka mitano haikupita kabla hawajaacha kabisa simu za namna hiyo.

Mtauliza, kama ni kitu chema hivi, mbona kimeanguka mara nyingi? Sababu moja ni ya kweli: ubongo wa simu za wakati ule ulikuwa dhaifu, na programu za kompyuta zilikuwa hazijui kukaa ndani yake. Sababu hiyo imekwisha. Novemba 2020 Apple walianza kuuza laptopu zenye ubongo wa M1, uliotoka katika ukoo ule ule wa ubongo wa simu zao. Sababu ya pili ni ile ambayo mwanachama wa chama cha wafanya kazi haihitaji kufundishwa. Anayekuuzia simu na laptopu hana haraka ya kukuonyesha kwamba moja ingetosha.

Wanaoshikilia jambo hili kwa miaka mingi zaidi ni Samsung. Mwaka 2017 walileta DeX pamoja na simu ya Galaxy S8, na wakati huo ilihitaji kitako chake maalum. Mwaka 2018, ilipotoka Note 9, kitako hakikuhitajika tena, waya tu. Motorola nao walirudi mwaka 2021. Na mwaka 2025 Google walitangaza kwamba wanaijenga namna hiyo ndani ya Android yenyewe, wakishirikiana na Samsung.

Lakini hamkututuma tusome matangazo. Tulijaribu wenyewe.

Mwanachama mmoja wa Jericho alitupa nyumba yake Jumapili mchana. Mpwa wake ana Galaxy S9 iliyopasuka kioo, ambayo hakuna aliyetaka kuinunua. Tulinunua kile kisanduku kidogo chenye matundu ambacho wauzaji hukiita habu, sh. 2,500, na vitufe na mausi vya mkono wa pili, sh. 1,000. Skrini hatukununua. Na hapa ndipo tulipofungua macho, ndugu. Katika nyumba zetu za Jericho, Maringo, Umoja na Kayole, nyumba ambazo hakuna aliyewahi kufikiria kuweka kompyuta, ukutani kuna televisheni bapa, na nyuma yake kuna tundu la HDMI ambalo halijatumiwa tangu siku ilipoletwa. Skrini kubwa tunayo tayari. Tulichomeka. Kwa sekunde chache hatukuona kitu, na mwenye nyumba akaanza kututazama kwa jicho baya, kisha madirisha yakatokea ukutani, makubwa kiasi kwamba mama wa nyumba alisoma kutoka jikoni.

Siku hiyo tulichapa kumbukumbu za mkutano uliopita, kurasa nne. Tulifungua daftari la michango na kuligeuza kuwa jedwali. Tuliingia eCitizen. Tukaichukua fomu ile ile iliyomshinda mwenzetu wa yadi, tukaijaza kwa dakika ishirini na tano, na mmoja wetu ni mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Simu ilipolia tuliijibu, na barua ikabaki pale pale ukutani.

Mabaya yake pia tuliyaona. Simu ilipata moto, kwa kuwa haina feni kama laptopu. Ikabidi tuvue lile ganda la mpira. Ina tundu moja tu, kwa hiyo habu lazima iwe na mahali pa kuchomeka chaja, la sivyo betri inakwisha ukiwa kati ya sentensi. Saa tisa na nusu stima ikapotea. Simu haikuzima, ila televisheni ilizima, na laptopu ingeendelea. Baya la mwisho ni watoto. Walikuwa wamekatwa katuni zao, wakakaa mlangoni wakitutazama kama watu wa mnada.

Sasa sikilizeni sana hapa, msije mkapoteza fedha. Si kila simu inafanya hivi. Simu nyingi tulizo nazo mifukoni, za Tecno, Infinix, Itel, na hata Samsung nyingi za A, zina tundu la USB-C lenye umbo lile lile, lakini halitoi picha, linachaji na kupitisha mafaili tu. Kuna muuzaji aliyekuwa tayari kutuuzia waya wa HDMI kwa simu ya namna hiyo, akituapia kwamba itashika. Mwambie muuzaji achomeke mbele yako, uone picha, ndipo utoe pesa. Galaxy S nyingi za tangu S8 zinatoa, na Note nyingi za tangu Note 8. Na mwenye simu isiyotoa picha asikate tamaa kabisa: simu nyingi hukubali vitufe na mausi kwa kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, kinachouzwa mia chache. Kioo kitabaki kidogo, lakini barua ndefu utaichapa kwa vidole kumi, na hiyo peke yake ingemtosha mwenzetu wa yadi.

Turudi kwa Mount Gelai. Wazee walioendesha yale magari wanasema bwela lilipougua, injini zote mbili zilisimama, hakuna iliyoweza kusogea peke yake. Mtu mwenye simu na laptopu akinyang'anywa simu pale Muthurwa, barua zake zimebaki nyumbani. Mwenye kimoja amenyang'anywa vyote: barua, M-Pesa, picha za karatasi za zamu, na namba ya wakili. Kwa hiyo twasema, yeyote atakayeshika njia hii aweke nakala mahali pengine, iwe kwenye intaneti ama kwenye kijiti cha kumbukumbu ndani ya sanduku. Na wale waliokopa simu za kulipa kidogo kidogo kila siku mnajua kwamba ukikosa kulipa, mkopeshaji anaifunga kutoka mbali. Ikifungwa Ijumaa jioni, na barua ya kujieleza imo ndani, utamlilia nani?

Tena kuna neno la mwajiri. Mkiwa na simu inayofanya kazi ya ofisi, kesho bosi atasema, taarifa ya zamu iandike kwa simu yako, usiku, ukifika nyumbani. Bando ni yako, chaja ni yako, kioo kikipasuka ni chako. Tayari wako wenzetu wanaotuma picha za kazi kwa simu zao kila siku na hawajalipwa hata shilingi. Kamati yetu yaomba neno hili liandikwe katika madai ya mwaka huu: anayetaka kazi ifanywe kwa simu ya mfanya kazi alipie bando, na katika vyumba vya mapumziko aweke skrini na vitufe.

Mmoja wa wazee wetu alituuliza jana, mbona msinunue laptopu tu, mkaacha maneno mengi? Mzee, kwa heshima, tulipiga hesabu. Laptopu ya mkono wa pili iliyo nzima tuliambiwa sh. 18,000 na kuendelea. Itakuwa moja, itafungiwa kabatini kama dada yake, na ufunguo utasafiri tena. Skrini ya inchi 19 iliyotumika tuliambiwa sh. 4,500. Skrini mbili, habu nyingine, vitufe na mausi vya pili, jumla ni sh. 12,500, na ile habu ya kwanza tayari ni mali ya tawi. Skrini haina siri ndani yake. Inaweza kukaa mezani mchana kutwa bila kufungiwa, na kila mwanachama akija na simu yake anachomeka, anaandika, anachomoa, anakwenda na barua zake. Mnajua ya saiba: mtu anatuma kitambulisho na namba ya KRA kwa simu ya kijana wa kaunta ili zichapwe, na zinabaki kwake milele.

Na ile laptopu ya zamani twaomba isitupwe. Stima ikipotea itatufaa, kwa zile dakika arobaini inazodumu.

Hilo ndilo pendekezo, Bwana Mwenyekiti, na karatasi ya hesabu tumeiweka mbele ya mweka hazina. Wenye simu zilizopasuka vioo, ama zilizolala kwenye droo, wazilete Jumamosi hii Jericho, tuzijaribu moja moja, tujue zipi zinatoa picha. Waya upo. Mwenye nyumba amekubali tena kutuachia televisheni, ila mpaka saa kumi tu, kwa kuwa baada ya hapo kuna mpira.