Kifuniko cha bokali: mada kuhusu chatini ya bustani kisiwani Idjwi



Karatasi ya waandaaji wa semina hii inataka nianze na maana ya chatini. Tuimalize upesi. Chatini ni matunda au mboga zilizopikwa na siki, sukari, chumvi na pilipili mpaka zikaze. Jina lilitoka Uhindi, na watu wa pwani wanalijua tangu zamani. Hapa wengi husema tu pilipili ya nanasi, nami sina ugomvi nao. Nanasi tunalo, vitunguu na tangawizi viko nyuma ya nyumba. Upishi mnaujua: sufuria isiwe ya aluminiamu tupu, siki huila, na mwiko ukipita chini uache njia. Maana imekwisha.

Sasa tatizo. Miaka yote niliyofanya kazi hii, chatini niliyoiona ikioza haikuoza kwa sababu ya nanasi. Ilioza kwa sababu ya kifuniko.

Bokali zetu ni za mayonezi na jamu, tunazinunua tupu sokoni Kadutu. Kioo hakichoki. Kifuniko kinachoka. Kigeuzeni muone: kuna pete laini imezunguka ukingo. Hiyo ndiyo hulainika kwa joto na kushika mdomo wa bokali. Chatini ikipoa, hewa ya ndani husinyaa, kifuniko huvutwa chini, tik, na katikati yake hubonyea. Mama mmoja pale Bugarula huzima redio ahesabu tik zake. Lakini pete iliyokwisha kuchorwa na mdomo wa bokali moja haishiki vizuri tena kwenye nyingine, na rangi ya ndani ikikwaruzwa na kisu, siki hulifikia bati, kutu ikashuka kwenye chakula.

Kuna mwaka tuliletewa bokali mpya na mradi ambao sitautaja, maana bado tunashirikiana. Katoni zilifika salama. Vifuniko vilikuwa vya kipimo kingine. Tukaandika barua. Tukaandika tena. Akina mama walifunga kwa plastiki na mpira, wakavusha mzigo hadi Bukavu. Siku ya tisa plastiki ilikuwa imevimba kama koo la chura. Mteja wa namna hiyo humpati mara ya pili. Bokali zile sasa zinatunza mbegu za maharagi, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Jambo jingine ni mwinuko. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yetu huchemka karibu nyuzi 95. Pwani, bokali ndogo iliyofungwa huchemshwa dakika 10. Huku ni 15. Mnaniambia dakika tano hizo zinakula makaa. Zinakula kweli. Ila kifuniko kibovu, hata ukikichemsha saa nzima, kitabaki kibovu.

Mapendekezo. Kwanza, chama chetu cha wakulima kinunue vifuniko vipya kwa jumla, kabla nanasi halijaiva. Pili, anayekwenda Kadutu abebe kifuniko cha kupimia, maana midomo inayofanana kwa macho hupishana kwa milimita chache. Tatu, siki isiyoandikwa asilimia 5 isiingie sufuriani, na papai lisiongezwe kwa kubahatisha: ukali wake ni mdogo kuliko wa nanasi, na kijidudu chenye sumu hupenda chakula kisicho kikali kilichozibwa hewa. Nne, baada ya saa 24 bonyezeni kila kifuniko katikati. Kinachocheza, chatini yake iliwe nyumbani upesi, isipande boti. Tano, dakika 15, hata makaa yakipanda bei. Sita, kabla ya kuahidi duka lolote, chatini ipimwe na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Saba, vifuniko. Najua nimesema. Nilisema pia semina iliyopita, na katika ripoti neno langu likaandikwa "vifungashio", likapotelea humo.

Kwa hiyo nane, kwa heshima zote: safari hii mwandishi wa kikao aandike "vifuniko", na pembeni aandike milimita. Nimekuja na kimoja mfukoni, ni cha 63. Nakipitisha safu ya mbele mkishike. Naomba kirudi, ni cha bokali ya nyumbani kwangu.